Kumi ni ya Marehemu

Puto letu la kusafiria lilikuwa limeshaachia kamba zake na Tabora ilikuwa inazama chini yetu, mabati kwanza, kisha barabara, pale mke wa Nkwabi Masunga alipotokea uwanjani akikimbia na mtoto mgongoni. Nilimwona kupitia dirisha. Alikuwa anapunga kanga, lakini hakuwa anaaga. Alikuwa anapunga kama mtu anayesimamisha garimoshi. Mdomo wake ulikuwa wazi. Mota za puto zilinguruma, sikusikia kitu.

"Mkeo anakuita," nilimwambia Nkwabi.

Alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakusogea dirishani.

"Haniiti mimi," alisema. "Anakuita wewe, Mzaramo. Nilimwambia akikukosa hotelini akukimbilie hapa. Basi amechelewa. Itabidi nikwambie mwenyewe, na mimi sijui kusema."

"Msukuma asiyejua kusema? Leo mvua itanyesha kokoto."

Hakucheka. Hapo ndipo nilipojua kuna jambo, maana mimi na yeye ni watani, na katika msimu mzima sijawahi kumrushia neno asinirudishie mawili. Nikamtazama vizuri. Mwili wa juu ulikuwa umetulia. Mguu wa kushoto ulikuwa unachora nusu duara sakafuni, polepole, ncha ya kiatu ikigusa tu, inakwenda na kurudi. Ulikuwa mguu mzuri sana. Yeye mwenyewe alikuwa anautazama kama unavyomtazama mbwa wa jirani aliyeingia sebuleni kwako.

"Uzuie," nikasema.

"Mzuie wewe."

Tukakaa juu ya masanduku ya mavazi. Akanionyesha kidole gumba cha kulia. Kilikuwa na alama za meno, zimeanza kufanya makovu.

"Mke wangu Kabula ndiye aliyening'ata. Nilimnyanyua Minza nimbembeleze. Mikono ikamshika kama wanavyoshikana watu wa dansi ya walsi, mmoja kiunoni, mmoja juu. Mtoto wa miezi, Mzee Chande. Shingo haijakomaa. Nikaanza kuzunguka naye. Naiambia mikono iache, haiachi. Namwita mama yake, na sauti inatoka kwa kufuata mdundo. Kabula akavuta, ikashindikana. Ndipo akang'ata mpaka mfupa, vidole vikafunguka."

Nilikishika kidole kile nikakigeuza kwenye mwanga.

"Na leo," akasema, "ndiyo mnafunga fundo."

* * *

Nitaueleza Uzi kama nilivyoelezwa mimi, mtu niliyesoma darasa moja Kilosa, mawili Ndola, na mengine barabarani.

Ni uzi kweli, mwembamba kuliko unywele. Wanauingizia kisogoni, wenyewe unashuka na uti wa mgongo mpaka kiunoni, unajisokota na mishipa ya fahamu. Ndani yake wameweka hatua za wachezaji wa dansi waliokufa, wale waliokubali kupimwa miili yao kabla ya kufa. Wachezaji wa kumbi za zamani, wa Lubumbashi, wa Tanga, wa Nairobi. Kipindi chetu kilichukua watu maarufu wasiojua kucheza, kikawatia Uzi, kikawapandisha kwenye puto, na tukaenda nao mji kwa mji, wakicheza hewani na nchi nzima ikitazama kwenye skrini.

Amri ya Uzi ni maksi za majaji, wanazotoa kwa kile tu mtu anachocheza mwenyewe. Kinachopungua kufika kumi, Uzi unajaza. Ukipata nane, Uzi unakuvuta kwa mbili. Ukipata nne, unakuvuta kwa sita. Ndiyo maana mtu alikuja mkavu kama mlango, na mwisho wa msimu anaelea kama pamba. Watu walipenda hilo kufa. Na maksi ya fainali hufungwa fundo: fungu la Uzi ulilobakiwa nalo ni lako mpaka kaburini. Ilitangazwa kuwa ndiyo zawadi. Misimu ya kwanza hapakuwa na tatizo, kwa kuwa washiriki karibu wote walipata nane, tisa, na kipande kidogo cha mchezaji hodari mgongoni hakimdhuru mtu. Harusini unang'ara, basi.

Kumi hatukuwahi kumpa mtu. Hiyo ni mila ya kumbi zetu tangu zamani. Aliye hai bado anaweza kuteleza, kwa hiyo kumi haimhusu. Mchezaji akifa, kwenye arobaini yake majaji husimama, husoma jina lake, na ndipo humpa kumi. Kumi ni ya marehemu. Nilikuja na mila hiyo kwenye puto, na jaji mwenzangu Perpetua Ishengoma aliijua kutoka kwa baba yake, aliyekuwa na ukumbi wa dansi Bukoba. Watazamaji waliipenda. Iliwafanya majaji waonekane watu wa maana.

Sasa Nkwabi alikuwa kipa. Alilinda lango la timu ya taifa miaka mingi, ana mikono kama nyungo, na viungo vyote alivizoesha kusubiri. Alipoanza kucheza tulimpa nne. Nikamwambia hewani, "Kipa, unacheza kama unasubiri penalti," na kwa wiki nzima watoto mitaani walikuwa wakiambiana hivyo. Wiki iliyofuata tukampa tatu. Uzi ukazidi kumvuta. Ulivyozidi kumvuta, ndivyo sehemu yake mwenyewe ilivyozidi kupungua, nasi tukampa tatu tena. Tulikuwa wakweli. Hakuna aliyetulaumu, na kura za watazamaji zikamfikisha fainali.

"Mnipe kumi," Nkwabi aliniambia pale kwenye masanduku.

"Unajua kumi ni ya nani."

"Ndiyo ninayoiomba. Mkinipa tatu, saba ni za yule marehemu wa mgongoni. Simjui hata jina. Ana adabu, anapenda kuzungukia kulia, na usingizini ananyoosha shingo yangu. Nimechoka kukaa naye, mtani."

"Na kumi ikikuua?"

"Mtani si ndiye anayezika? Utakuja Nzega, utalala kwenye kaburi langu ukigoma kutoka, watakupa kuku utoke." Hapo alijaribu kucheka. Cheko lilitoka upande mmoja wa uso tu. "Nakuomba wewe kwa sababu Perpetua ni mwalimu na yule jaji wenu Injinia ni mwenye mali. Wewe ni mtani wangu."

Mguu ulikuwa bado unachora.

* * *

Fainali ilianza jua likiwa juu bado. Sakafu ya ukumbi wa puto ni ya kioo kinene, ukitazama chini unaona vichaka vya Manyoni vinapita. Sikutazama chini.

Tumsifu Mwakalinga alitangulia. Ni mchekeshaji, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Msimu mzima alifanya mazoezi kuliko wote, mpaka Uzi ukabakiwa na kazi ndogo sana kwake. Alicheza rumba kwa miguu yake mwenyewe. Alipomaliza alinijia mezani akihema.

"Shikamoo, Babu Chande! Umelala au umekufa?"

"Marahaba. Sijafa."

"Basi nipe tisa yangu, uje unioe."

Tulimpa tisa bila kukaa kikao. Ukumbi ulilipuka kwa vifijo. Ilikuwa tisa ya haki, nami naisema hapa ili ijulikane.

Kisha akaja Nkwabi na walsi.

Nimetazama dansi nchi sita. Sijaona walsi kama ile. Yule kipa alikwenda sakafuni kama maji yanavyokwenda kwenye saruji, bila kona. Watu wengine walianza kulia. Mimi nilikuwa natazama uso. Macho yake yalinitafuta kila alipozunguka, yalikuwa macho ya mtoto anayebebwa na watu asiowajua. Akizunguka, yanapotea. Akirudi, yananitafuta tena.

Kazi ya jaji wa Uzi ni kugawa nyama na uzi. Ukizoea unaona: uzi hufika kwanza, nyama hufuata, kwa tofauti ya kupepesa kope mara moja. Nilitafuta nyama ya Nkwabi. Haikuwemo kwenye mikono, haikuwemo kwenye mabega. Niliiona mara mbili tu, na zote zilikuwa makosa. Kisigino cha kulia kilikwama sakafuni, kikagoma, kama punda anayegoma kivukoni. Uzi ukakivuta, kikaenda. Baadaye kikagoma tena. Huyo ndiye aliyekuwa Nkwabi. Kingine chote alikuwa yule mtu mwenye adabu.

Muziki ulipokwisha, msichana aliyecheza naye alijitoa mikononi mwake kwa nguvu, akasimama kando akisugua kiganja chake. Mikono ya Nkwabi ilibaki hewani, imeshika mahali pale alipokuwa.

* * *

Kwa maksi zinazobishaniwa, majaji huingia chumba cha kauli. Ni kichumba cha kioo pembeni ya ukumbi. Watu wanatuona, na sauti zetu huenda hewani, kwa kuwa ugomvi wa majaji ndio uliopendwa kuliko hata dansi yenyewe. Sharti ni namba moja tunayoikubali wote. Taa ya dari huanza nyeupe, inageuka njano, inakuwa nyekundu. Ikizimika hatujakubaliana, inabaki maksi ya wiki iliyopita.

Ya wiki iliyopita ilikuwa tatu.

Tulikuwa watu watatu: mimi, Perpetua, na Injinia Elifuraha Mrema, kijana mpole aliyeshiriki kuutengeneza Uzi na aliyekaa mezani kwa niaba ya wenye kipindi.

"Tatu," alisema Perpetua, kalamu mkononi. "Na naisema kwa huruma. Yaliyokuwa mazuri hayakuwa yake, na yaliyokuwa yake hayakuwa mazuri."

"Kumi," nikasema.

Nje nilisikia kicheko kikubwa. Walidhani natania. Mtu mmoja alipiga mluzi.

"Mzee Chande, usifanye mchezo leo."

"Sifanyi mchezo, mama. Yule mtu amemshika mtoto wake na mikono imekataa kumwachia. Mtoto mchanga. Mke amemng'ata mpaka..."

Elifuraha alinyoosha mkono chini ya meza. Nikasikia sauti ya ukumbi inakatika. Amezima maiki. Nje waliona midomo yetu tu inacheza, wakazidi kucheka.

"Endelea," alisema.

Nikawaeleza yote. Perpetua alivua miwani akaiweka mezani, akaivaa tena.

"Kwa nini hakusema mapema?"

"Angemwambia nani? Sisi tulikuwa tunaichekesha nchi naye."

"Usinitie kwenye sisi yako. Mimi sikuchekesha mtu, nilitoa maksi." Kisha sauti ikashuka. "Sikiliza, mzee wangu. Ukimpa kumi, amemshinda Tumsifu. Yule mama ametokwa jasho msimu mzima, amecheza kwa miguu yake, na wewe unataka nimtazame usoni nimwambie ameshindwa na mtu ambaye hakucheza kabisa? Na kesho kila mwenye shida zake atakuja mlangoni kwa jaji kabla ya dansi. Maksi zitakuwa sadaka."

"Ziwe sadaka."

"Basi hazitakuwa maksi. Na Uzi unazisoma kama maksi. Ukiudanganya, unajua utafanya nini?"

Wote wawili tukamgeukia Elifuraha.

"Sijui," akasema.

"Hujui namna gani? Si wewe uliyeutengeneza?"

"Kumi ni sifuri kwa Uzi, Mzee. Ni kuuambia huna kazi hata moja mwilini. Unaweza kulala ukafa, ukatoka wenyewe. Hivyo ndivyo tulivyoukusudia. Lakini kwa mtu aliyevutwa kwa saba wiki nyingi, Uzi umeshashika vitu vingi. Walsi inataka pumzi. Nimeangalia vipimo vyake asubuhi. Umeshika mpaka pumzi." Alitazama taa. "Ukiondoka, sijui utaondoka na nini."

"Mlijaribu kwa nani?"

"Tungejaribu kwa nani? Ninyi hamjawahi kutoa kumi."

Taa ilikuwa imegeuka njano. Nikakumbuka arobaini zote nilizosimama nikisoma majina ya watu na kuwapa kumi zao, nikiona fahari.

Kioo kikagongwa. Tumsifu alikuwa nje, amevua kiatu anagonga nacho, akisema maneno tusiyoyasikia. Nilimsoma mdomo: mnapika makande humo? Watu nyuma yake walikuwa hoi kwa kucheka. Nyuma ya watu, Nkwabi alikuwa amesimama peke yake katikati ya sakafu, na chini ya miguu yake nchi inapita.

"Nne," alisema Perpetua.

"Kumi."

"Chande! Unataka afe mbele ya watoto wanaotazama?"

"Anataka yeye."

"Watu wanataka mengi wakiwa na hofu. Tano. Nimeshatenda dhambi sasa, sijawahi kupandisha maksi maishani mwangu. Tano."

"Mama, nusu ya mtu ni ya nani? Usiku ni ya nani? Akimshika mtoto ni ya nani?"

"Tano anaishi!"

"Sita," akasema Elifuraha haraka, kama mtu aliyeona mlango. "Sita tumeshampa mtu, msimu wa pili. Yupo, anatembea, analalamika kidogo tu. Sita najua itafanya nini. Nawaomba. Najua itafanya nini."

Taa ilikuwa nyekundu. Unaweza kusema tulikuwa majaji, lakini wakati ule tulikuwa watu watatu sokoni tunapatana bei, kila mmoja akivuta kidogo, na kama ilivyo kawaida ya majaji tangu dansi ianze, tulikuwa tunaelekea katikati. Ndivyo tunavyofanya siku zote. Mmoja anasema saba, mwingine tisa, tunaandika nane, tunakwenda kunywa soda.

Nilimtazama Nkwabi kupitia kioo. Alikuwa ameinua mikono. Mwanzo nilidhani ni Uzi. Haikuwa Uzi, maana ilikuwa inatetemeka, na Uzi hautetemeki. Alikuwa ameipandisha kama anavyosimama kipa golini, viganja mbele, vidole vyote vimetanuka. Kumi. Alikuwa ananionyesha kumi.

Nikamwona akianguka. Hakuanguka, lakini akilini nilimwona: nikitamka, magoti yanakunjika, pumzi inakwenda na Uzi, na mimi ndiye niliyetamka. Taa ilianza kufifia.

"Mzee!" Elifuraha alipiga kelele.

"Sita," nikasema.

"Sita," akasema Perpetua, na Elifuraha akabonyeza.

Namba ikawaka juu ya ukumbi. Nkwabi aliinua kichwa akaisoma. Mikono ikashuka, kwanza ikitetemeka, kisha bila kutetemeka. Halafu akainama mbele ya watu, mguu mmoja nyuma, kiganja kifuani, vizuri mno. Watu walimpigia makofi kwa adabu aliyoonyesha. Aliyeinama hakuwa yeye.

* * *

Tumsifu Mwakalinga alishinda msimu ule. Bado anachekesha kwenye runinga. Ana moja ya Uzi mgongoni, na akicheka sana bega lake la kushoto huzunguka lenyewe, ameligeuza kuwa kichekesho.

Perpetua Ishengoma aliacha ujaji kabla puto halijatua Dodoma. Alirudi Bukoba, anafundisha hesabu. Tulionana mara moja kituoni Mwanza, tukasalimiana, tukaulizana habari za nyumbani, kila mtu akapanda gari lake.

Elifuraha Mrema alipandishwa cheo. Baadaye aliugua moyo, akapona.

Puto liliuzwa kwa watu wa kubeba mahindi.

Nkwabi Masunga yuko Nzega na mkewe. Mchana ni mtu wa kawaida, analima, anaongea. Jua likishuka, yule mwenye adabu anaamka na nne zake. Kabula humfungia ndani na kumwekea muziki, kwa kuwa bila muziki ni vibaya zaidi. Mtoto hukaa kwa bibi yake. Mimi sijafika. Nimepita njia ile mara mbili nikienda Kahama.

Mwaka uliofuata kipindi kama chetu kilianza nchi jirani, kwa Uzi uleule. Walimwajiri jaji kutoka mbali, asiyejua mila za kumbi zetu. Kulikuwa na mshiriki mmoja, mwimbaji wa kwaya, mkavu kuliko Nkwabi, aliyevutwa kwa saba tangu wiki ya kwanza. Siku ya fainali alivaa vizuri, jaji akapendezwa na koti lake, akampa kumi. Uzi ulikufa papo hapo. Ulitoka na jasho katika siku chache, mweupe, wakaufuta kwa taulo. Jioni ile ya fainali mwimbaji alikula ugali na samaki, akaomba aongezewe. Yuko hai mpaka leo, na hajui kucheza.